Kitunguu cha Mang'ola, kibarua cha Viwandani

Kambi Muru, mtaani Kibera, Nairobi, mtu hanunui vitunguu kwa kilo. Hununua kimoja, au viwili vikiwa vidogo, pamoja na nyanya tatu na fungu la sukuma wiki iliyokwisha kukatwa. Mafuta ya kupikia hupimwa, unga hupimwa, omena hupimwa kwa mkebe. Ndiyo kadogo, biashara inayolisha sehemu kubwa ya Kibera na Kawangware. Mwenye kibanda naye hana ghala. Pesa alizopata leo ndizo anazokwenda nazo Marikiti, soko la jumla, kesho alfajiri, na mzigo wake hurudi kwa matatu au kwa mkokoteni kabla jua halijakaza. Kwa hiyo bei inayopanda mpakani haina mahali pa kusubiri njiani. Malori yakikwama Namanga, mpakani na Tanzania, mwanzoni mwa wiki, katikati ya wiki kitunguu cha shilingi 10 kimeshapungua ukubwa. Shilingi 10 hubaki palepale kwa sababu mteja hana nyingine ya kuongeza. Kinachopungua ni chakula.

Nimeanza na kitunguu kwa makusudi. Uhusiano wa kibiashara kati ya Kenya na Tanzania huandikwa sana kwa picha za marais wakishikana mikono, bendera mbili nyuma yao na mkataba mezani. Ziara hizo zina faida yake, na nitaitaja moja iliyofungua njia iliyokuwa imezibwa. Lakini mahali pa haki pa kuupimia uhusiano huu ni kwenye meza ya mbao ya mama mboga. Yeye na wateja wake ndio wa kwanza kulipia kila ugomvi, na hakuna anayewauliza neno kabla ugomvi haujaanza.

Kitunguu kinachopendwa na wachuuzi wengi wa Nairobi ni kile cha Tanzania. Ni chekundu, kikavu, ganda lake limekaza, na kinaweza kukaa siku nyingi bila kuoza. Chetu, hasa kikivunwa mapema ili kuwahi bei, huwa na maji mengi, na mwenye kibanda asiye na pa kuhifadhia anajua hasara ya kitunguu chenye maji. Kingi hutoka Mang'ola, bonde la kando ya Ziwa Eyasi wilayani Karatu, ambako wakulima hunyunyizia mashamba kwa maji ya chemchemi. Kingine hutoka Singida. Dalali hukusanya, neti hupakiwa kwenye lori, na safari huanza: Karatu, Arusha, kisha kilomita 110 hivi hadi Namanga, halafu zaidi ya 160 kupitia Kajiado na Kitengela hadi Nairobi. Njiani kuna kibali cha afya ya mimea, cheti cha kuthibitisha kwamba bidhaa ilizalishwa Tanzania, ukaguzi wa KEPHIS, shirika la afya ya mimea la upande wetu, na ada za kaunti. Kila karatasi ina gharama, na kila saa ya kusimama juani ina gharama kubwa zaidi.

Wala si kitunguu peke yake. Machungwa yanayokamuliwa na kuuzwa kwa glasi kando ya barabara za Nairobi, mengi ni ya Muheza, mkoani Tanga. Mchele wa Mbeya umejaa kwenye maduka ya nafaka, sambamba na pishori ya Mwea. Kuna maharagwe, kuna njugu, kuna dagaa wa Ziwa Victoria waliokaushwa upande wa Mwanza na ambao hapa huitwa omena kama wale wa Homa Bay. Kisha kuna mahindi, na hayo ndiyo siasa yenyewe. Kenya haijitoshelezi kwa mahindi miaka mingi, na mvua ikikosekana Bonde la Ufa, gorogoro, mkebe wa kupimia mahindi wa Kibera, hutazama kusini. Mwaka 2021 Kenya ilinunua kutoka Tanzania bidhaa za zaidi ya shilingi bilioni 50, karibu maradufu ya mwaka uliotangulia. Mizani iliyozoea kuegemea upande wetu ikalala upande wao.

Sasa tuitazame njia ya kurudi, kwa sababu hapo ndipo Kambi Muru inapoguswa mara ya pili.

Kila alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili, maelfu ya watu wa Kibera hushika reli kwa miguu kuelekea Viwandani. Wengi ni vibarua wa siku: akipata zamu amekula, akikosa amerudi. Wanachotengeneza huko ni sabuni, mafuta ya kupikia, vyombo vya plastiki, dawa za binadamu, mabati na vyuma vya ujenzi. Bidhaa hizo ndizo Kenya inazoiuzia Tanzania. Kawangware hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa wengi wa huko hupata riziki yao katika nyumba za Lavington na Kileleshwa, lakini soko lao la mboga ni lilelile na mpaka wao ni uleule.

Kwa hiyo katika chumba kimoja cha mabati utamkuta mke anayetegemea kitunguu kilichotoka Mang'ola na mume anayetegemea katoni za sabuni zinazokwenda Arusha. Serikali mbili zikikasirikiana, na moja ikafunga mlango huku nyingine ikilipiza, chumba hicho hupigwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Sijui nyumba nyingi za Nairobi zilizo karibu na mpaka kuliko hiyo, ingawa Namanga ni mwendo wa saa tatu kwa gari.

Ugomvi wenyewe una mizizi mirefu, na haki inanilazimu kusema kwamba Tanzania ina la kulalamikia. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917, Tanganyika ikaingizwa katika mpango huo miaka ya ishirini, na tangu 1921 nchi zote zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Lakini wakoloni waliifanya Nairobi kuwa kitovu, viwanda vikarundikana hapa, na Tanganyika ikabaki mnunuzi. Baada ya uhuru, mwaka 1964, mawaziri walikubaliana Kampala kugawana viwanda vipya: Kenya ipewe balbu za umeme, Uganda baiskeli na mbolea, Tanzania tairi za magari. Makubaliano hayakushika. Kiwanda cha General Tyre kilijengwa Arusha, na Nairobi nayo ikajenga chake cha Firestone takriban wakati huohuo, viwili katika soko lisilokuwa na nafasi ya vyote. Leo hakuna hata kimoja kinachotengeneza tairi.

Mwaka 1966 kila nchi ikawa na shilingi yake. Mwaka 1967 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaundwa kwa mkataba, ikiwa na kodi maalumu ya kuzilinda Tanzania na Uganda dhidi ya bidhaa za Kenya. Mwaka huohuo Tanzania ikatangaza Azimio la Arusha, na nchi mbili zikaanza kutazama upande tofauti. Idi Amin alipochukua Uganda mwaka 1971, vikao vya marais watatu vilikufa. Mwanzoni mwa 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisambaratika, Kenya ikaanzisha lake, na Februari Tanzania ikafunga mpaka.

Mpaka huo ulifungwa hadi Novemba 1983. Karibu miaka saba! Watu wa umri wa wazazi wetu waliokuwa na ndugu Moshi au Tarime wanakumbuka. Sabuni na dawa ya meno za Nairobi ziligeuka magendo, na aliyekamatwa nazo wakati wa kampeni ya Waziri Mkuu Edward Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi, mwaka 1983, alikuwa na kesi ya kujibu. Ilibidi mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, azunguke kwa miaka kadhaa ili mali ya Jumuiya igawanywe: asilimia 42 kwa Kenya, 32 kwa Tanzania, 26 kwa Uganda. Mapatano yalitiwa saini Arusha mwaka 1984.

Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa mkataba wa Novemba 1999, na safari hii kulikuwa na hekima ambayo hatuisifu vya kutosha. Umoja wa Forodha ulipoanza Januari 2005, bidhaa za Tanzania na Uganda ziliruhusiwa kuingia Kenya bila ushuru mara moja, ilhali nyingi za Kenya ziliendelea kulipa ushuru zikiingia kwao, ukipungua mwaka hadi mwaka hadi ukaisha 2010. Kenya ilikubali kubeba mzigo huo kwa sababu ilikuwa na nguvu zaidi. Kila mwenye kiwanda alijua mwaka gani atalipa asilimia ngapi, na akapanga. Ushuru haukumshtukiza mtu.

Nawataja wenzetu wa mbali hapa kwa sababu mfano wao unafaa. Ubelgiji na Uholanzi, pamoja na Luxembourg, zilisaini makubaliano ya forodha London mwaka 1944 wakati Wajerumani bado wamekalia sehemu ya ardhi yao, na muungano huo ukaanza kazi 1948. Wengi huusimulia kana kwamba mipaka iliyeyuka. La. Mkulima wa Ubelgiji alimwogopa mkulima wa Uholanzi, aliyezalisha kwa bei nafuu, kama mkulima wetu wa Kieni, Nyeri, anavyoogopa kitunguu cha Mang'ola. Mwaka 1947 wakaandika itifaki ya kilimo iliyoruhusu mazao fulani kulindwa kwa bei ya chini kabisa. Ulinzi ulikuwepo, lakini uliandikwa, ulijulikana, na mfanyabiashara aliweza kuusoma kabla ya kupakia gari.

Sisi hatukosi mikataba. Kinachotuumiza ni amri ya ghafla, na mifano ni ya juzijuzi tu. Mwaka 2017 Kenya ilizuia gesi ya kupikia inayoingia kwa barabara kutoka Tanzania, Tanzania nayo ikabana maziwa na sigara za Kenya, hadi Julai mawaziri wa mambo ya nje, Amina Mohamed na Augustine Mahiga, walipotangaza kuondoa vikwazo. Miezi michache baadaye Tanzania ilipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji Wakenya waliovuka kutafuta malisho, na vifaranga 6,400 wakachomwa moto Namanga kwa hofu ya mafua ya ndege. Picha za vifaranga wale ziliwaumiza watu pande zote mbili. Mwaka 2018 ikawa zamu ya peremende na biskuti za Kenya, zikitozwa ushuru wa asilimia 25 kwa hoja kwamba sukari yake iliagizwa kutoka nje bila kodi. Mei 2020, wakati wa korona, mpaka ulifungwa kwa watu na madereva wa malori wakapimwa na kupimwa tena.

Halafu ikaja Machi 2021. Tarehe 5, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilitoa barua ya kuzuia mahindi yote kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu. Malori yaliyokuwa yamepakiwa yalikuwa tayari barabarani. Yalisimama Namanga yakiwa na mahindi yaliyonunuliwa kwa fedha taslimu, mengi yakiwa ya wafanyabiashara wa kati walioweka mtaji wao wote ndani ya lori moja. Siku chache baadaye zuio lililegezwa kwa masharti: muagizaji ajisajili, na shehena iwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Malori yaliendelea kukwama hata hivyo, hadi Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa ameapishwa mwezi huohuo wa Machi, alipokuja Nairobi mwanzoni mwa Mei na yeye na Rais Uhuru Kenyatta wakaagiza mawaziri wamalize jambo hilo. Likaisha.

Swali langu ni hili: ikiwa liliweza kuisha kwa siku chache za mawaziri kukutana, kwa nini mawaziri hawakukutana kabla ya barua?

Sumukuvu ni hatari ya kweli, na sitaki msomaji adhani nampuuzia mtu yeyote kifo. Mwaka 2004 iliua watu 125 katika Ukambani, waliokula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Yalikuwa mahindi ya humuhumu. Novemba 2019 Shirika la Ubora wa Bidhaa lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi uliosagwa hapahapa Kenya na kuuzwa katika maduka makubwa. Ukungu hukua popote penye joto na unyevu, uwe Kitui au Dodoma. Na aliye katika hatari kubwa zaidi ni yule anayepeleka gorogoro yake kwenye kinu cha posho huku Kibera, kwa sababu mahindi ya aina hiyo, yatoke upande wowote wa mpaka, ni nadra kupita mbele ya mpimaji. Zuio la mpakani lilimpandishia bei bila kumpunguzia sumu. Kama nia ilikuwa kumlinda, vipimo vingeanzia kwenye vinu anakosagia.

Julai 2025 Tanzania ilitangaza orodha ya biashara 15 ambazo mgeni haruhusiwi kufanya: wakala wa pesa kwa simu, ufundi wa simu, saluni, uongozaji watalii na nyinginezo, kwa adhabu ya faini ya shilingi milioni 10 za Tanzania na kifungo cha hadi miezi sita. Serikali ya Kenya ililalamika, ikikumbusha Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza 2010. Nilielewa hasira ya kijana wa Kariakoo, Dar es Salaam, anayeona mgeni mwenye mtaji mkubwa akifungua kibanda mbele ya chake. Lakini katika amri hiyo jirani wa Jumuiya aliwekwa kapu moja na mgeni wa kutoka bara jingine, na Mkenya aliyekuwa na viti viwili vya kusukia nywele Arusha aliamka akakuta leseni yake haitahuishwa tena. Ghafla ileile, safari hii kutoka upande wa pili.

Njia za kumsaidia mdogo zipo kwenye vitabu. Mfumo Rahisi wa Biashara wa Jumuiya unamruhusu mtu mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 kuvuka na bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya kwa cheti rahisi kinachotolewa palepale mpakani, bila ushuru. Namanga kuna kituo cha pamoja cha forodha, kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018 na Rais Kenyatta na Rais John Magufuli, ambako maafisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja ili gari lisimame mara moja badala ya mbili. Ni kazi nzuri. Lakini cheti rahisi hakimsaidii mama mwenye magunia matatu ya maharagwe siku ambayo amri mpya imetolewa usiku na afisa wa dirishani naye ameisikia redioni. Siku kama hiyo njia za panya hujaa, na kwenye njia za panya mwanamke mwenye mzigo kichwani hulipa rushwa, hupoteza mali, na mara nyingine hupata mabaya kuliko hayo.

Hata Kibera yenyewe ni zao la watu waliovuka mipaka. Askari Wanubi waliotoka Sudan wakipitia Uganda ndio walioanzisha makazi haya mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo familia zao ziko Makina na Kambi Muru. Mtaa uliojengwa na watu wa namna hiyo ungestahili mwakilishi mezani Wakenya na Watanzania wanapojadili nani auze nini. Hauna kiti. Wenye viwanda wana chama chao, wasagaji wakubwa wana chao, wakulima wanasikika msimu wa uchaguzi. Muuza vitunguu wa rejareja husikia uamuzi kwa kuuona kwenye bei ya Marikiti.

Hatuwezi kuiamrisha Dodoma, ila Nairobi ni yetu na tunaweza kuidai. Kila zuio la chakula kutoka nchi jirani litangazwe siku 30 kabla ya kuanza, isipokuwa ugonjwa au sumu imethibitishwa katika shehena mahususi, na hapo izuiwe shehena hiyo. Lori lililopakiwa kabla ya tangazo liruhusiwe kufika. Maabara ya kupima sumukuvu iwepo Namanga na itoe majibu siku hiyohiyo, na kipimo kilekile kifike kwenye vinu vya posho vya Kibera na Kawangware bila kumtoza msagaji mdogo. Mkulima wa vitunguu wa Kieni alindwe waziwazi, kwa maghala ya kukaushia na kuhifadhia, na ikibidi kwa msimu ulioandikwa kwenye kalenda ambayo mkulima wa Mang'ola naye anaweza kuisoma kabla ya kupanda. Tukishayafanya hayo upande wetu, tutakuwa na uso wa kuiomba Tanzania ifanye vivyo hivyo kwa sabuni ya Viwandani na kwa Mkenya mwenye saluni Arusha.